Mwenye Duka Anapotaka Kiti cha Kaunti

Haya ni maneno yaliyosemwa na halmashauri ya tawi mbele ya mkutano wa wanachama, katika wadi moja ya Pwani ya Kenya. Twayachapa yote kama yalivyosemwa, kwa kuwa jambo hili laweza kutokea katika wadi yo yote.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu na vijana wetu:

Twajua kwamba wengine wenu mmetembea mwendo mrefu tangu alfajiri, na wengine mmefunga vibanda vyenu na kuacha mapato ya siku nzima ili mje hapa. Basi hatutawapotezea wakati. Tumewaita kwa jambo moja tu.

Ndugu yetu mwenye duka hapo sokoni, ambaye nyote mnamjua, ametuandikia barua. Anaomba chama chetu kimsimamishe agombee kiti cha wadi hii katika bunge la kaunti. Yuko hapa, ameketi mstari wa mbele. Haya tutakayoyasema tulimwambia kwanza nyumbani kwake juzi usiku, maana si adabu kumsema mtu mzima hadharani kabla hujamwambia faraghani.

Tangu habari ya barua ile ilipoenea, wadi imegawanyika. Wako wasemao, "Mpeni kiti, ana mali yake, hatakuwa na haja ya kuiba ya watu." Na wako wasemao, "Msimpe, mfanyabiashara hajui neno ila faida." Sisi tumeyapima maneno ya pande zote mbili, na twaona yote mawili ni mepesi. Mali haijapata kumzuia mtu kutamani mali zaidi. Wala faida ya halali si dhambi. Bila faida duka hufungwa, na tukakosa pa kununua chumvi. Swali la kumwuliza mtu huyu ni jingine: je, ataweza kutenga kisanduku cha duka lake na kisanduku cha watu? Na sisi tutajuaje kwamba amevitenga?

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kukiri jambo. Katika halmashauri hii tuko watu tisa, na sita kati yetu tumo katika daftari lake la mkopo. Tumekula unga wake na sukari yake, na bado hatujamaliza kulipa. Twalisema mapema ili msije mkalisikia njiani mkasema tulilificha. Nanyi pia, tukiwaomba wasiodaiwa na duka lile wanyoshe mikono, twafikiri mikono itakuwa michache. Likumbukeni neno hili, maana tutalirudia.

KITI HIKI NI KITU GANI

Wako watu wanaodhani kwamba kiti cha wadi ni kiti kidogo cha heshima, cha kukaribishwa mbele harusini na kupewa nafasi ya kusema matangani. Sivyo. Katiba tuliyoipitisha kwa kura zetu mwaka 2010 iligawa nchi katika kaunti 47, na serikali za kaunti hizo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013. Kenya nzima ina wadi 1,450. Hapa Pwani, Mombasa ina wadi 30, Kwale 20, Kilifi 35, Tana River 15, Lamu 10, na Taita Taveta 20. Jumla ni 130. Kila wadi huchagua mjumbe mmoja, na wadi yetu ni moja katika hizo.

Mjumbe huyo pamoja na wenzake hutunga sheria za kaunti, hupitisha makadirio ya fedha, na humwangalia gavana na mawaziri wake kama wanafanya kazi waliyotumwa. Zahanati na hospitali za kaunti zimo katika kazi hiyo. Zimo barabara za kaunti, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, maji, kilimo, machinjio na masoko. Tena wao ndio wanaopitisha viwango vya leseni za biashara na ushuru wa soko. Mama auzaye mchicha juu ya gunia, akitozwa ushuru asubuhi kabla hajauza hata fungu moja, na ajue kwamba kiwango kile kilipitishwa na watu waliopigiwa kura.

Na fedha zenyewe si haba. Katiba yasema kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kukubaliwa na Bunge la Taifa. Katika mwaka wa fedha 2025/2026 kaunti zote pamoja zilitengewa shilingi bilioni 415. Msidhani fedha hizo zimetoka kwa mtu mwema huko Nairobi. Ni zenu. Zilikatwa katika sabuni mliyofulia, katika mafuta ya taa mliyowasha, na katika maneno mliyosema kwa simu.

TULIKOTOKA

Vijana wetu yafaa mjue kwamba nafasi hii haikuanguka kutoka mbinguni. Wakati wa ukoloni mfanyabiashara Mwafrika alifungwa mikono kwa sheria. Sheria za mkopo za siku zile ziliweka mpaka wa shilingi 200. Deni la Mwafrika likizidi hapo bila idhini ya ofisa wa serikali, mdai hakuweza kulidai mahakamani. Walisema eti ni kumlinda Mwafrika asijitie katika madeni. Lakini ni mwenye ghala gani atakayemkopesha mtu ambaye sheria inasema hadaiki? Hivyo baba zetu waliuza kwa kibaba na kwa kopo, wakibeba bidhaa kwa baiskeli, huku wengine wakishusha kwa malori.

Ukaja uhuru mwaka 1963, na pamoja nao Katiba ya majimbo. Pwani ikapata serikali yake ya jimbo, na Ronald Ngala akawa rais wake. Haikudumu. Mwezi wa Novemba 1964 chama chake cha KADU kilijivunja na kuingia katika KANU, na Kenya ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964 majimbo yalikuwa yamekwisha. Yakabaki mabaraza ya wilaya. Nayo, kwa sheria ya mwaka 1969, yaliondolewa shule za msingi, afya na barabara, na kuanzia 1970 kazi hizo zikawa za Nairobi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mabaraza yameshindwa kuendesha fedha.

Je, mwaona jambo lenyewe? Mara mbili mamlaka yalifika mlangoni petu, na mara mbili yakarudi yalikotoka. Mwaka 2013 yalifika mara ya tatu. Kila mjumbe anayekula fedha za wadi hampunguzii mwananchi kisima tu. Huwapa hoja wale wapendao kusema kwamba watu wa vijijini hawajui kujitawala. Ndiyo sababu hatuwezi kuchagua mtu kwa kuwa ametupa kanga na kofia.

FADHILI ZA MWENYE DUKA

Basi turudi kwa ndugu yetu. Haki ni kuanza na mema yake.

Kwanza, anajua bei. Karani wa makao makuu akiandika kwamba gunia la maharagwe limenunuliwa kwa bei maradufu, yeye atalijua kosa kwa kulitupia jicho mara moja. Watu wengi waliokaa katika mabunge ya kaunti wamepitisha hesabu ambazo mtoto wa duka angezikataa.

Pili, anajua nani amelala na njaa. Daktari humjua mgonjwa akija, mwalimu humjua mtoto akikosa shule, lakini mwenye duka humjua mtu siku anapokuja kununua unga wa robo badala ya kilo, na siku anapoacha kuja kabisa.

Tatu, ameonja uchungu wa leseni na ushuru. Amesimama foleni, ameambiwa mwenye muhuri hayupo, arudi kesho. Mtu aliyechapwa kwa fimbo hiyo aweza kuivunja.

Nne, na hili ndilo kubwa, anaandika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mtu aliyeendesha duka miaka mingi bila kufilisika ni mtu aliyezoea kuuliza kila jioni: kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka, na kilichobaki kiko wapi. Maswali hayo matatu yangeulizwa kila jioni katika kila kaunti, tungekuwa mbali.

MWAMBA NGOMA

Lakini wahenga hao hao walisema mwamba ngoma ngozi huvuta kwake. Hawakusema mwamba ngoma mwizi. Walisema mwamba ngoma, ye yote yule, hata aliye mwema. Mkono wake wenyewe humvutia upande wake pasipo yeye kujua. Ndiyo maana kifungu cha 75 cha Katiba kinamtaka kiongozi ajiepushe na kila jambo ambalo maslahi yake yanagongana na kazi ya watu. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inakataza watumishi wa umma na jamaa zao kujipatia mikataba ya serikali. Na mwaka 2025 ilipitishwa sheria nyingine mahsusi juu ya mgongano wa maslahi, inayomtaka mtumishi wa umma atangaze mali yake na madeni yake.

Msidhani hizi ni sheria za mapambo. Mwezi wa Februari 2025 mahakama mjini Nairobi ilimtia hatiani Ferdinand Waititu, aliyekuwa gavana wa Kiambu, katika kesi ya zabuni ya barabara ya shilingi milioni 588. Mahakama iliona kwamba fedha kutoka kwa kampuni iliyopewa zabuni hiyo zilimfikia yeye. Alihukumiwa kifungo cha miaka 12 au faini ya zaidi ya shilingi milioni 53, naye akakata rufaa. Bunge la kaunti lilikuwa limekwisha kupiga kura ya kumwondoa mwezi wa Desemba 2019, na Seneti ikathibitisha mwezi wa Januari 2020. Yaani wajumbe wa wadi, watu wa kiti kama hiki tunachokizungumza leo, ndio walioanza. Mjumbe ambaye yeye mwenyewe anauza mali kwa kaunti angeweza kusimama siku kama ile? Angemwangalia gavana usoni, akakumbuka ankara yake iliyo mezani kwa gavana, akaketi.

MADAFTARI MATATU

Ndugu zetu, tumeona kwamba mwenye duka anayetaka kiti hiki ana madaftari matatu, na kabla ya kumpa jina la chama yatupasa tuyaone yote.

Daftari la kwanza ni lile la mkopo, ambalo ninyi na sisi tumo. Hapa pana hatari ya pande mbili. Mgombea aweza kumwendea mdaiwa usiku na kumwambia, "Nipe kura, nami nitachora mstari juu ya deni lako." Au aweza asiseme neno, akafungua tu daftari na kulifunga mbele ya mtu, na mtu akaelewa. Jambo la kwanza ni hongo, na kwa Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 atoaye na apokeaye wote wana hatia. Jambo la pili ni kitisho, hata kama limefanywa kwa tabasamu.

Kwa hiyo tumemwomba hivi: tangu leo hadi baada ya kura, asimsamehe mtu deni, wala asimbane mtu zaidi ya desturi yake. Mtu anayedaiwa shilingi 1,200 kabla ya uchaguzi awe anadaiwa shilingi 1,200 baada ya uchaguzi, kama hajalipa wala hajakopa zaidi. Nanyi mnaodaiwa, lipeni kwa fedha. Dawa ya deni ni kulipa, na kura yenu ni ya siri; haimo katika orodha ya vitu vinavyouzwa dukani.

Daftari la pili ni zito zaidi. Ndugu yetu anaidai kaunti. Alipeleka unga, maharagwe na mafuta ya kupikia, akapewa hati, hati ikapigwa muhuri, na hadi leo anaambiwa asubiri. Hayuko peke yake. Kwa hesabu za Msimamizi wa Bajeti, mwisho wa mwezi wa Juni 2024 madeni ambayo kaunti zilikuwa hazijalipa yalizidi shilingi bilioni 180. Nyuma ya tarakimu hiyo wamo watu waliouza mashamba, waliofunga maduka, na waliokimbia wadai wao. Tufanye hesabu ndogo. Mtu akikopa shilingi 500,000 kwa riba ya asilimia 14 kwa mwaka ili apeleke mali kaunti, na kaunti ikikaa miaka miwili bila kulipa, riba peke yake ni shilingi 140,000. Faida yote imekwenda, na sehemu ya mtaji imefuata.

Hapo ndipo maneno yalipotushinda juzi usiku. Tulimwuliza, "Je, unataka kiti ili uwatumikie watu, au ili ulipwe?" Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mkiniambia nisubiri, watoto wangu wasubiri na nani?" Hatukuwa na jibu la haraka. Mtu huyu hakuiba. Ameibiwa wakati wake. Kumwambia asilidai deni lake kwa sababu anataka uongozi ni kumdhulumu mara mbili. Lakini akiingia bungeni na kuanza na deni lake, wote wenye ankara kama zake ambao hawana kiti watabaki nje, wakisema kwamba njia ya kulipwa ni kugombea. Na kwa kweli watakuwa wamesema kweli.

Tulikaa hadi usiku wa manane, na neno tulilolifikia ni hili. Asinyamaze juu ya madeni, apiganie orodha. Aitake kaunti ichapishe orodha ya wote wanaoidai, jina la biashara, kiasi, na tarehe mali ilipopokewa, ibandikwe masokoni kila mtu aisome. Walipwe kwa zamu, deni la zamani kwanza, baada ya kuhakikishwa kwamba mali ilifika kweli. Jina lake liwe mahali pake katika orodha, kama ni la 40 liwe la 40. Na siku ambayo jambo la deni lake mwenyewe litafika mbele ya kamati anayokaa, aseme wazi kwamba linamhusu, atoke nje, wenzake waamue. Kwa njia hii mlango anaoufungua kwa ajili yake unakuwa wazi kwa ajili ya mjane aliyepeleka mboga na fundi aliyejenga choo cha shule.

Daftari la tatu ni lile ambalo halijaandikwa bado: biashara ya kesho. Twazijua hila za siku hizi. Mtu akishapata kiti, duka huandikwa jina la mke, lori jina la mtoto, na kampuni jina la shemeji, na zabuni zikaendelea kuingia kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo tumemtaka atamke hapa kwamba muda wote atakapokuwa mjumbe, yeye, nyumba yake, na kampuni yo yote aliyo na sehemu ndani yake, hawataiuzia kaunti hata sanduku moja la viberiti. Duka la sokoni na liendelee, maana ndilo riziki yake. Lakini liuze kwa watu, si kwa kaunti.

Tena kuna jambo la soko lenyewe. Mjumbe atapiga kura juu ya leseni na ushuru. Mwenye duka kubwa aweza kushusha leseni ya maduka makubwa na kupandisha ushuru wa wauza vitumbua, akasema ni mpango wa kusafisha mji. Hatusemi ndugu yetu atafanya hivyo. Twasema ahadi yake juu ya ushuru wa wadogo iandikwe kabla ya kura, si baada ya kura.

SEHEMU YETU SISI

Sasa tugeuze uso tujitazame. Tukimwekea mtu masharti haya, nasi tuwe na masharti yetu.

Desturi imeingia ya kumfanya mjumbe kuwa kisanduku cha harambee cha kila nyumba. Harusi ni yeye, matanga ni yeye, karo ni yeye, hata betri ya redio ni yeye. Mtu akitoa hivyo kila siku, na mshahara wake unajulikana, mwafikiri nyongeza anaipata wapi? Tunamsukuma kwa mkono mmoja na kumshika mwizi kwa mkono wa pili. Kukopa harusi, kulipa matanga: tunakula fedha za zahanati kwa wali wa harusi, kisha tunazika watoto waliokosa dawa. Tangu leo wanachama wa tawi hili wakataze jambo hilo, kila mtu nyumbani kwake.

Tena tuwe na macho. Katiba inasema vikao vya bunge la kaunti viwe wazi kwa watu, na wananchi washirikishwe katika kutunga sheria na mipango. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari kwa ofisi ya umma, na ofisi hiyo yapaswa kutoa uamuzi katika muda wa siku 21. Ni wangapi wetu tumepata kuandika barua moja kama hiyo? Twanung'unika kivulini, lakini barua hatuandiki. Tawi hili lichague watu wawili, mmoja wao mama wa sokoni na mmoja kijana aliyesoma, ambao kazi yao itakuwa kuandika barua na kwenda kuketi katika vikao, yupo mjumbe wetu au hayupo. Nauli yao itoke katika kisanduku cha tawi, na hesabu yake isomwe hapa.

UAMUZI

Uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano. Wa 2022 ulifanyika tarehe 9 Agosti, na unaofuata huo ni wa tarehe 10 Agosti 2027. Muda hupita upesi kuliko mtu adhaniavyo, na jina la mgombea haliokotwi siku ya mwisho.

Kwa hiyo halmashauri inaleta shauri hili mbele yenu. Ndugu yetu apewe muda hadi mkutano ujao. Akija na daftari la mkopo lenye jumla yake, bila kusoma majina ya watu. Akija na nakala za hati zake anazoidai kaunti, kila moja na tarehe yake. Na akija na ahadi ya maandishi juu ya biashara yake ya kesho, iliyowekwa sahihi mbele ya wazee wawili. Hapo jina lake litashindanishwa kwa haki na majina mengine yatakayoletwa. Maana hatusemi ni yeye peke yake. Mwalimu akitaka na aje, mvuvi akitaka na aje, mama akitaka na aje, na kila mmoja atafungua daftari lake. Sisi sita wa halmashauri tunaodaiwa naye hatutapiga kura katika uamuzi huo mpaka tumelipa, au mpaka ninyi mmeturuhusu mkijua tunachodaiwa.

Naye akiona masharti haya ni mazito, hatumkatazi njia. Katiba inamruhusu mtu agombee bila chama, akiungwa mkono na wapiga kura 500 wa wadi. Akienda njia hiyo hatutamtukana, wala vijana wetu wasichane picha yake. Kesho yake asubuhi tutakwenda dukani kwake kununua sukari kama desturi, naye atatuuzia. Siasa itapita, na ujirani utabaki.

Lakini kwa macho yetu tulimwona juzi usiku, tulipokuwa tukiondoka. Alichukua taa, akarudi dukani, akaanza kuyatafuta yale makaratasi ya kaunti chini ya magunia. Hatukumwuliza kama amekubali. Tulimwacha anatafuta.

Ndugu Mwenyekiti, tumemaliza. Mkutano na ujadili, na kila mtu aseme lililo moyoni mwake, yeye akisikia.

Harambee!